Sahani za Bwana Majaribio

Ukiletewa sahani kutoka nyumba ya Bwana Majaribio, ilikuwa heri uulize ni kitu gani kabla ya kuinua kawa, na uwe na gilasi ya maji karibu. Sisi watu wa Timbwani, mtaa wa Likoni, tulijifunza hayo kwa ndimi zetu wenyewe. Zilipita biskuti za muhogo zilizotaka meno ya punda. Ikapita jamu ya mapera iliyogoma kutoka kijikoni, hata ukikipindua kijiko na kukitikisa. Ikapita achari ya mabungo ambayo paka wetu aliinusa, akatutazama mmoja mmoja, akaondoka zake. Na kila kilipopita kitu, sote tulisema maashallah, kitamu, Mungu awazidishie.

Shida yake yote ilianzia hapo kwenye maashallah zetu. Mimi namsimulia mtu huyu kwa sababu shida hiyo ilikaribia kuniangushia miti ya mikwaju ya marehemu baba yangu, na kwa sababu mpaka leo nikimkumbuka hucheka peke yangu jikoni, binti zangu wakaja kunitazama kama nimepatwa na kitu.

Alikuwa afisa wa serikali, miaka ile ya mwisho ya Wazungu. Cheo chake kilikuwa kirefu mno. Yeye mwenyewe alipokitaja ilimbidi avute pumzi katikati, basi watu wakakikata, wakabaki na Bwana Majaribio. Alikuwa mfupi, mnene wa kiasi, na miguu yake haikujua kwenda polepole. Siku za kazi alivaa kaptura ya kaki na soksi zilizofika magotini, Ijumaa akavaa kanzu. Katika mavazi yote mawili, mfukoni mwa kifua, pale makarani wenziwe walipotia kalamu, yeye alitia kijiko cha chai kilichofungwa kitambaa cheupe. Nimewahi kumwona akikitoa kwenye foleni ya feri ili aonje mchuzi wa mwanamke asiyemjua, aliyekuwa akimpelekea mgonjwa. Mwanamke yule alikasirika, halafu akaulizwa ukwaju ametia kabla au baada ya tui, na mpaka feri inafunga gati ng'ambo walikuwa wakibishana kama ndugu.

Kazi yake ni lazima niieleze vizuri, maana hata wakati ule wengi hawakuiamini. Kando ya barabara ya feri palikuwa na banda la mabati lenye meko, meza ndefu, mizani na rafu za chupa. Pale ndipo ilipokuwa karakana ya majaribio. Ukiwa na biashara ndogo, au huna biashara ila una wazo, ulikwenda ukamweleza. Akiona lina maana, serikali ililipia jaribio: sukari, bati, kuni, chupa, na ikihitajika, mtaalamu wa kuja kukufunza. Huo sisi tuliuita mkono wa kwanza. Jaribio likionyesha kwamba kitu kinafaa na watu wanakitaka, kamati ya mjini ilitoa mkono wa pili, yaani vyombo na mtaji wa kuanzia. Jaribio likishindwa, hukudaiwa kitu. Ulipewa mkono, ukaenda nyumbani.

Hapo ndipo watu walipokwama. Serikali tuliyoijua ilikuwa ya kuchukua: kodi, leseni, faini ya mbuzi aliyevuka barabara. Sasa huyu anatwambia iko serikali inayokupa sukari uiunguze. Ami yangu alisema lazima uko mtego mahali fulani, na kwa muda mrefu hakukubali hata kupita upande ule wa barabara.

"Serikali haikupi fedha ufanikiwe," Bwana Majaribio alikuwa akituambia, huku amepanda juu ya kreti ili aonekane. "Inakupa fedha ujue. Ukiunguza sukari ya serikali leo, kesho hutaunguza nyumba yako."

Neno lake jingine, ambalo watoto waliliigiza njiani wakitembea kwa vihatua vyake, lilikuwa hili: "Sifa pelekeni harusini. Mimi nileteeni kasoro."

Lakini kasoro hakuletewa. Mtu wa kwanza kuumizwa na jambo hilo alikuwa fundi Katana, Mgiriama wa Mjambere, mpole, mfua bati. Katana alikuwa amebuni jiko la mkaa lililotiwa udongo kwa ndani ili moto usiliwe na upepo. Serikali ikamlipia, majiko yakagawiwa nyumba kwa nyumba, na baada ya muda Bwana Majaribio akazunguka kuuliza. Kila nyumba alipewa kiti, kahawa na sifa. Shangazi yangu, niliyekuwa nikiishi kwake, alimwambia, "Jiko hili, Bwana, wallahi sijui tulikuwa tukipikaje kabla yake." Alirudi karakana akirukaruka. Katana akapata mkono wa pili, akatengeneza majiko tele, na hakuuza hata moja.

Siku moja Katana alipita kumsalimia shangazi, akaingia mpaka uani kunawa. Jiko lake lilikuwa pembeni mwa ukuta. Kuku alikuwa ameatamia mayai ndani yake.

Alikwenda kumleta Bwana Majaribio. Wakasimama wote wawili mbele ya kuku, kofia mkononi, na kuku akawatazama bila wasiwasi.

"Bi mkubwa," akasema Bwana Majaribio, "mbona hukunambia?"

"Nikwambie vipi," shangazi akajibu, "na wewe umekuja nyumbani kwangu, umekaa kitini kwangu?" Halafu kwa huruma akamgeukia Katana. "Lakini kuku amelipenda sana, mwanangu. Hataki kwingine."

Ndivyo tulivyo. Mgeni hatumwambii chakula chake hakina chumvi, sembuse jiko lake halishiki moto. Kumbe tundu la kuingizia hewa lilikuwa dogo mno, jambo la kurekebishwa kwa mkasi wa bati, na Likoni nzima ililijua isipokuwa aliyelitengeneza na aliyelipwa kulichunguza. Bwana Majaribio alikaa siku kadhaa bila kupanda juu ya kreti. Alijiona amemdhulumu Katana, na kweli ilikuwa karibu na hivyo.

Aliyemtoa kwenye huzuni ile ni mkewe. Mama yule alikuwa mrefu kumpita mumewe, mwenye maneno machache na jicho linaloona kila kitu. Kwetu ukiletewa chakula katika sahani ya jirani huirudishi tupu. Utatia chochote, hata ndimu, hata chumvi ya kufunga kwenye karatasi, lakini tupu hapana, ni kama kumtukana mtu. Basi siku moja walikuwa wakila samaki wa kupaka waliyerudishiwa katika sahani ya ile achari ya mabungo, mama akasema, kama mtu anayezungumzia mvua:

"Umeona, Bwana? Majaribio yako yakiwa mabaya, sisi twala vizuri."

"Vipi?"

"Kaimati nilizopika mimi Idi, watu walizimaliza papo hapo. Nikarudishiwa ndimu. Biskuti zako za muhogo zikaturudishia mahamri na mbaazi. Achari hii imeturudishia samaki mzima. Mtu akimwagia kuku chakula chako huona haya, na haya zikimzidi huingia jikoni."

Bwana Majaribio akabaki na tonge mkononi. Kisha akainuka, akazunguka meza, akaketi tena, akainuka. Kwa maelezo ya mkewe, siku ile alikwenda kazini na kiatu cha mguu mmoja na kubadhi ya mguu mwingine.

Tangu siku hiyo Bwana Majaribio hakuuliza tena mtu yeyote kitu. Alipeleka sahani, akangoja zirudi. Kilichorudi alikisoma kama vile wengine wasomavyo kipimajoto. Ndimu au chumvi, umepata. Mahamri, umekaribia. Samaki, anza upya. Biriani, tafuta kazi nyingine. Na sahani tupu?

"Tupu haijawahi kurudi," alisema, akapunguza sauti. "Sahani tupu maana yake mtu amesahau adabu. Mtu wa Likoni hasahau adabu bila sababu kubwa."

Siri hii walikuwa nayo yeye, mkewe na Katana tu, kwa kuwa watu wangeijua wangejirekebisha, wangeanza kutia ndimu kwa makusudi. Mimi niliambiwa kwa sababu ya samaki.

Nilikuwa nimeachwa, nimerudi kwa shangazi na binti zangu wawili. Baba aliniachia mikwaju kwenye shamba letu la nyuma ya kijiji, mikubwa, yenye kuzaa mpaka matawi yanainama, na ami ndiye aliyekuwa msimamizi. Ami hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wengi na paa linalovuja, na wachoma makaa walikuwa wamekwisha kumfuata. Aliniambia waziwazi: "Rukia, mti usiomlisha mtu ni kivuli tu. Nakungoja mpaka ukwaju wa mwaka huu uishe mitini. Ikiwa hapana kilichopatikana, nawaita watu wa shoka." Nilikuwa nikilala nikisikia mashoka.

Wazo langu lilikuwa sharubati ya ukwaju ya kutia chupani, nzito, ya kuchanganya na maji baridi wakati wowote hata usipokuwa msimu. Nilitaka kuwauzia wasafiri wa feri. Niliposimama mbele ya Bwana Majaribio kumweleza, nilisema kwa haraka hadi nikasahau kumwamkia, nikakumbuka katikati ya maneno, nikasema shikamoo pale pale baada ya neno sukari. Akaitika marahaba kwa furaha kama nimempa zawadi, akatoa kijiko. "Umekuja na kidogo?" Nilikuja nayo. Akaonja, akafumba macho.

"Tutajaribu," akasema.

Sharubati ya kwanza niliipika katika sufuria kubwa ya shangazi. Tukaimimina kwenye vijagi, kila kijagi juu ya sahani, binti zangu wakazisambaza mtaani. Sahani zikaanza kurudi. Ya kwanza ilirudi na changu wa kuchoma, mzima, na kachumbari kando. Ya pili sambusa za nyama zilizojaa mpaka kawa halikufunga. Mimi nikafurahi, nikalia machozi ya furaha, nikamwambia shangazi watu wameipenda mno hadi wananichinjia. Nikambebea Bwana Majaribio yule samaki ili aone mwenyewe.

Akamtazama samaki. Akanitazama mimi. Akaniomba niketi.

Nilipokwisha kuelezwa nilimchukia samaki yule kuliko nilivyomchukia mume aliyeniacha. Bwana Majaribio hakunipa pole. Alikuwa na uso wa mtu aliyepata mwaliko wa karamu. "Sasa tuna kasoro," akasema akisugua mikono, "ila hatuijui ni ipi. Hebu tuitafute." Akanitembeza jikoni kwangu kama askari, akanusa kuni, akanusa mwiko, akanusa shangazi kidogo, mpaka akafika kwenye sufuria. Ilikuwa sufuria ambayo shangazi alipikia papa mkavu tangu ujana wake. Wateja wangu walikuwa wamekunywa sharubati ya papa na kusema maashallah.

Serikali ikaninunulia sufuria mpya. Sharubati ya pili ilirudisha mahamri, yenye iliki nyingi bado. Ya tatu ilirudisha mkate wa sinia, vipande vidogo. Huwezi kuamini furaha yetu ilivyokuwa jinsi tulivyoendelea kupewa vibaya. Katana alikuwa akija jioni kuuliza, "Leo wamekupeni nini?" nami nikijibu, "Ndizi moja, imeiva kupita kiasi," tulipeana mikono kama watu waliopata mtoto. Shangazi, ambaye hakuijua siri, aliingia uchungu. Alisema Timbwani imeharibika, watu hawana tena ukarimu.

Niseme na upande wake mwingine, maana hakuwa malaika. Mtu huyu aliyeomba kasoro Likoni nzima, nyumbani kwake hakuwa na ulimi. Mkewe, aliyekuwa fundi wa kaimati, hakujaliwa visheti. Vilikuwa vigumu. Ukikiangusha kimoja sakafuni, sakafu ndiyo uliyoihurumia. Na alipenda kuvipika. Bwana Majaribio alivila vyote, mbele yetu, akivivunja kwa magego na kusema, "Maashallah, mke wangu, leo umejipita." Katana alimuuliza siku moja, kwa nini yeye asinene kweli. Akatoa kijiko, akakifunga upya kitambaani. "Hilo," akasema, "si jaribio la serikali." Jambo jingine lililojulikana ni kwamba hapakuwa na mwanamke Likoni mwenye leso nyingi kama mkewe. Kila mara mumewe alimjia na jozi mpya kutoka mjini, na sisi wanawake tulimwonea wivu sana. Tulisema yule ndiye mume.

Tena hakuwa na subira hata chembe. Kamati ya mjini ilipotaka kuja kuona kazi zetu, alinihimiza niweke sharubati chupani mara moja ili wageni wakute kreti zimejaa. Tukajaza, tukapiga vizibo, tukazipanga karakana chini ya mabati, kwenye joto lile unalolijua.

Wageni wakaja siku iliyopangwa. Alikuwa Mzungu mrefu mwenye suti nyeupe, mwenyekiti wa kamati, pamoja na makarani wake, watu wa Mvita wenye kanzu na koti. Bwana Majaribio akapanda juu ya kreti kuwakaribisha. Ami yangu naye alikuja, mara yake ya kwanza kuvuka barabara ile, akasimama mlangoni. Katana akawasha jiko lake lililorekebishwa, likawaka vizuri. Ikafika zamu yangu.

Chupa ya kwanza ilipasuka Mzungu alipoinyoshea mkono. Pa. Kisha ikapasuka jirani yake, na jirani ya jirani yake, vizibo vikagonga mabati juu na kurudi chini, mvua ya ukwaju ikanyesha ndani ya karakana. Makarani waliingia chini ya meza na kanzu zao. Mzungu alibaki amesimama, suti imekuwa ya rangi ya chai. Ami alitoka mbio huku anapiga kelele kwamba alisema, yeye alisema tangu mwanzo, kwamba upo mtego.

Mimi nilikaa chini, kwenye sharubati yenyewe. Niliona mikwaju ya baba ikianguka mmoja mmoja.

Na Bwana Majaribio alikuwa juu ya kreti, amelowa, anapiga makofi. "Kasoro," alikuwa akisema. "Kasoro hiyo. Imejileta yenyewe, haikungoja hata kuitwa." Akashuka, akamwendea yule Mzungu, akamwambia kwa Kizungu na kwa mikono kwamba kitu hiki kingepasuka ndani ya duka la mwanamke huyu, kingekuwa msiba. Kimepasuka ndani ya karakana ya serikali, kwa hivyo ni elimu. Si hiyo ndiyo iliyolipiwa? Mzungu alipangusa macho, akajionja midomo. Kisha akasema kupitia kwa karani kwamba elimu ameipata, sasa anataka chupa isiyopasuka, na ushahidi kwamba kuna watu watakaoitaka sharubati yenyewe. Atangoja kikao kijacho, zaidi ya hapo fedha itakwenda kwa wengine. Na ukwaju mitini ulikuwa unakaribia kuisha.

Bwana Majaribio alituletea mtaalamu wa maabara, kijana mmoja mwenye miwani aliyesomea mambo ya vyakula. Tulimwita daktari wa chupa. Alituonyesha kwa upole kwamba sharubati yangu ilikuwa ikichacha ndani ya chupa kama tembo la mnazi. Tuchemshe chupa, tuongeze sukari, tuikaushe sharubati zaidi, tuitie ingali ya moto, tufunge kizibo na kukizamisha katika nta. Tukafanya. Tukaziweka juani makusudi, sisi tumejificha nyuma ya ukuta na masikio tumeziba. Hazikupasuka. Tulizingoja siku baada ya siku, tukawa kila asubuhi twazisalimia.

Kisha tukapeleka sahani kwa mara ya mwisho. Ukwaju uliobaki mitini ulikuwa wa kuokota. Ami alikuwa amekwisha kuwapa wachoma makaa siku.

Siku ya kwanza hakuna sahani iliyorudi. Siku ya pili vilevile. Sikula. Nilijua hiyo ni biriani, watu wanachinja, wanaloweka mchele. Asubuhi iliyofuata akaja binti wa jirani wa nyuma na sahani mkononi. Nikainua kawa.

Ilikuwa tupu.

"Mama asema," akanena yule msichana, hajaamkia mtu, "kama iko nyingine, nitie humu humu."

Nyuma yake alikuwa anakuja mwingine. Na mwingine. Sahani tupu, kijagi tupu juu yake, nyingine hata hazikuoshwa. Shangazi alitoka uani akaziona, akajishika kichwa. "Sahani tupu? Yarabi, kumetokea msiba gani? Wametukosea heshima mtaa mzima?" Nilikuwa namkumbatia huku nacheka na kulia, yeye akidhani nimeingiwa na wazimu kwa aibu.

Bwana Majaribio alizipanga sahani zile zote, akazifunga katika kitambaa, akapanda feri nazo kichwani, afisa wa serikali na kaptura yake. Nilikwenda naye. Kwenye kamati alizimwaga mezani mbele ya yule Mzungu, zikalia kama harusi. Mzungu akauliza ni nini hizi. Lakini makarani wa Mvita walikuwa wameinuka vitini. Mmoja alishika sahani, akaigeuza, akauliza kwa sauti ndogo, "Zilirudi hivi? Kutoka kwa watu wa Timbwani?"

"Hivi hivi," akasema Bwana Majaribio.

Makarani wakatazamana, wakaanza kucheka, wakashindwa kujizuia, ikabidi mmoja atolewe nje. Ni wao waliomweleza Mzungu. Sijui walimwelezaje, ila nilipata mkono wa pili. Nikarudi Likoni na kibali cha kununua vyombo, nikakipeleka moja kwa moja shambani. Wachoma makaa walikuwa chini ya mikwaju wakinoa shoka, na ami alikuwa nao. Nilimpa gilasi kabla ya kumpa habari. Alikunywa yote, akakung'uta tone la mwisho ulimini, akawaambia wale watu waende zao, leo ni kivuli chenye mwenyewe.

Uhuru ulipokuja, karakana ile ilifungwa, tukaambiwa kazi zake zitapangwa upya bara. Bwana Majaribio alikuwa amefika umri wa kupumzika. Alitukabidhi mizani, akarudi kwao Jomvu Kuu na mkewe na kasha la leso. Kwa muda sikumwona. Nilikuwa na duka la kona pale feri, Katana alikuwa na majiko mpaka Kisauni, na mambo yalikuwa mengi.

Halafu baada ya Ramadhani moja, ndugu mmoja wa Bwana Majaribio akashuka feri na kuniletea sahani iliyofunikwa. Ndani yake mlikuwa na kopo la unga mweusi. "Asema uonje," akanambia. "Ni kahawa aliyoibuni. Ameikaanga kutoka kokwa za tende. Jomvu nzima ilimwekea kokwa mwezi mzima. Asema mtu atakunywa tende na kahawa kwa mkupuo mmoja. Anataka kuuza shamba lake la minazi anunue mashine ya kusagia."

Nikaichemsha. Ilikuwa na ladha ya kamba ya makumbi iliyoungua, na kwa mbali, ukitulia, ladha ya kamba nyingine. Katana alipita dukani, nikampa kikombe. Akanywa, akauliza yule kuku wa jikoni mwake yuko wapi.

Tulicheka, kisha nikaacha kucheka. Safari hii hapakuwa na serikali ya kumlipia kasoro zake. Shamba lilikuwa lake, na minazi ilikuwa yake. Na Jomvu nzima, naapa, ilikuwa imemwambia maashallah.

Nikaingia jikoni. Nilipika biriani ya mbuzi, na zafarani, na zabibu, na mayai. Nilikaanga sambusa. Nilipika kuku wa kupaka. Sahani yake haikutosha, nikaiweka katikati ya sinia na vingine nikavizungushia, nikavuka feri, nikapanda basi la Changamwe, nikashika njia ya miguu mpaka Jomvu Kuu, sinia kichwani, moyo mzito kama nabeba jeneza.

Nikawakuta barazani wote wawili. Amepungua, nywele nyeupe, lakini kijiko kiko kifuani. Tukaamkiana, tukaulizana hali ya kila mtu na kila kuku. Kisha nikaitua sinia mbele yake. Akainua kawa.

Akaitazama biriani. Akainua sambusa moja kuona kilichoko chini, akakuta kuku.

"Mbaya namna hii?" akauliza.

Sijawahi kumwambia mtu mzima, nyumbani kwake, kwamba kitu chake ni kibaya. "Mbaya, Bwana," nikasema. "Mbaya sana. Usiuze shamba."

Mkewe akaanza kutikisika mabega. Akaingia ndani, tukasikia kasha likifunguliwa. Akarudi na leso mikono miwili, mpaka usoni, akazimwaga barazani mbele ya mumewe.

"Na wewe leo umepata yako," akamwambia. Akaanza kuzitenga moja moja. "Hii ya visheti vya Maulidi. Hii ya visheti vya harusi ya dada yako. Hii vilikuwa vigumu zaidi, ukaleta jozi mbili."

Bwana Majaribio alikuwa amefungua kinywa. "Ulijua?"

"Tangu leso ya kwanza. Nani aliyekufunza kusoma sahani?"

"Na mbona hukunena?"

"Leso zilikuwa nzuri," akasema mama.

Alicheka yule mzee mpaka akateleza kwenye mkeka, akafuta machozi kwa leso ya Maulidi, akacheka tena, nasi pamoja naye, majirani wakachungulia. Alipopata pumzi alikaa sawa, akatoa kijiko mfukoni, akakikunjua kitambaa chake, akanisogezea biriani.

"Haya, Bi Rukia," akasema. "Nieleze kasoro."

Nikamweleza zote, tukila.